IBN AL-HAYTHAM: MTO ULIMSHINDA, MWANGA HAUKUMSHINDA



Sifa zote njema ni za Allah (SWT) aliyetujaalia kuufikia mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, Ramadhan ni mwezi ambao wahyi wa kwanza uliteremka, na amri iliyotangulia amri zote ilikuwa ni kusoma. Kwa hivyo si ajabu tukiutumia mwezi huu kuzungumza na vijana wetu walio kwenye matayarisho ya mitihani. Mara hii tunawalenga zaidi wale wenye nia ya kusomea upimaji wa macho, kazi ambayo mtaani tunamwita mwenyewe daktari wa miwani.

Njia hiyo si fupi. Hapa Kenya mlango ni alama zako za sekondari, hasa za sayansi na hesabu, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega ni kimoja kati ya vinavyofundisha shahada hiyo. Kule Marekani, ambako baadhi ya jamaa zetu wanaishi, wengi wanaotaka kuingia shule za macho hufanya mtihani maalum uitwao OAT. Ndani yake mna biolojia, kemia za aina mbili, fizikia, hesabu, na kusoma na kuelewa. Wengine huanza kujitayarisha kwa moto mkali, mwezi wa pili moto umebaki majivu. Vitabu vinafunguliwa, macho yanasoma, lakini moyo umeshachoka.

Basi kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya wazazi wanaowasomesha, tumewaletea maisha ya mtu aliyeishi miaka elfu moja iliyopita. Huyu alianguka mbele ya mtawala na mbele ya watu, akafungiwa nyumba miaka, na bado akawa ndiye aliyewafundisha walimwengu jinsi jicho linavyoona.

KIJANA WA BASRA

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Wazungu waliposhindwa kulitamka jina la al-Hasan wakamwita Alhazen, na kwa jina hilo ndipo vitabu vyao vingi vinamtaja. Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia.

Basra wakati ule ilikuwa bandari ya biashara na mji wa ilimu. Vitabu vya Wayunani wa kale vilikuwa vimeshatafsiriwa kwa Kiarabu zaidi ya miaka mia moja nyuma, huko Baghdad. Kijana mwenye hamu alikuwa na nafasi ya kusoma jiometri ya Euclid, nyota za Ptolemy na tiba ya Galen kwa lugha yake mwenyewe. Lakini pia ulikuwa mji wa mabishano. Kila kundi lilidai haki iko kwake peke yake. Al-Hasan aliyatazama mabishano yale tangu ujanani, akaamua kutafuta ilimu ambayo mtu anaweza kuipima, si kuishabikia tu.

Inasemekana alipata cheo katika utawala wa Basra. Kwa wengi wetu hapo ndipo safari ingekwisha. Ofisi ipo, mshahara upo, sasa unataka nini tena? Yeye alihisi kazi ya ofisi inamla wakati wake wa kusoma. Moyo wake ulikuwa kwenye hesabu na kwenye swali la mwanga.

AHADI KUBWA NA MTO MKUBWA

Wakati huo Misri ilikuwa chini ya khalifa wa Kifatimi, al-Hakim, aliyetawala kuanzia 996 hadi 1021. Mtawala huyu alikuwa na pande mbili. Upande mmoja alipenda ilimu, na mwaka 1005 alifungua Nyumba ya Ilimu mjini Cairo yenye maktaba kubwa. Upande wa pili alikuwa hatabiriki. Aliwaua maafisa wake wengi, na alitoa amri za ajabu, hata akawahi kupiga marufuku mulukhia, mboga ya jamii moja na mrenda wetu.

Mwanahistoria Ibn al-Qifti anasimulia kuwa Ibn al-Haytham alisema, akiwa bado Iraq, kwamba angekuwa Misri angeufanyia mto Nile kazi ya kuudhibiti, maji yafae yakizidi na yakipungua. Maneno yakamfikia khalifa. Si jambo dogo hili. Maisha ya Misri yalitegemea mafuriko ya kila mwaka. Maji yakija mengi kupita kiasi mashamba yanazama, yakija kidogo watu wanakufa njaa. Al-Hakim akamwita, akamkaribisha kwa heshima, akampa watu na vifaa, akamwambia haya sasa fanya.

Ibn al-Haytham akasafiri kufuata mto kuelekea kusini hadi karibu na Aswan. Njiani akawa anatazama majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa na kuchongwa kwa ustadi wa hali ya juu. Wazo likamwingia: watu hawa walikuwa na hesabu na nguvu kiasi hiki, lau kazi hii ingewezekana si wangeshaifanya? Alipofika penye maporomoko aliyoyakusudia, akapima, akakagua pande zote mbili za mto, akaona wazi kuwa haiwezekani.

Hebu jiweke mahali pake. Umeahidi mbele ya mfalme. Umepewa pesa na watu. Na mfalme mwenyewe ni yule anayeua kwa hasira. Ungefanya nini? Wengine wangeanza kazi wakijua haitakwisha, ili mradi siku zisonge. Yeye alirudi Cairo akakiri kuwa hawezi. Na kwa hakika vifaa vya zama zile havikutosha. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika 1902, na lile kubwa 1970, karibu miaka 950 baadaye, kwa mashine na saruji.

NYUMBA ILIYOFUNGWA

Al-Hakim hakumuua. Alimpa kazi ya ofisi, nayo akaikubali kwa hofu, si kwa kupenda. Lakini kukaa karibu na mtawala wa namna ile ni sawa na kulala karibu na simba. Ndipo, kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikachukuliwa ikawekwa chini ya usimamizi, na yeye akafungiwa nyumbani. Ziko riwaya nyingine za maisha yake, lakini hii ndiyo mashuhuri zaidi.

Kifungo kile kiliendelea mpaka mwaka 1021. Usiku mmoja al-Hakim alitoka kwenda vilima vya Muqattam akiwa juu ya punda wake, na hakuonekana tena. Habari za kifo chake zilipothibiti, Ibn al-Haytham akaonyesha kuwa akili zake ni timamu, akarudishiwa mali yake.

Baada ya hapo alikwenda kuishi kwenye chumba cha kuba karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Na hapa ndugu yangu pana jambo tunaloomba ulishike. Mtu huyu mwenye ilimu yote ile alikula kwa jasho la mkono wake, kwa kunakili vitabu. Kila mwaka alinakili Euclid, alinakili vitabu vya kati vya hesabu, na alinakili Almagest ya Ptolemy. Hati yake ilikuwa nzuri, na alikuwa akiviuza kwa dinari 150. Pesa hizo ndizo zilimtosha mwaka mzima. Mwaka ukianza tena, anaanza vitabu vilevile, ukurasa wa kwanza.

KITABU CHA MANDHARI

Kazi yake kubwa kuliko zote inaitwa Kitab al-Manazir, na neno hilo ni ndugu wa neno letu mandhari. Ina sehemu saba. Wengi husimulia kuwa aliiandika akiwa kifungoni, na watafiti wengine wanaiweka miaka ya baada ya 1021. Vyovyote iwavyo, ilikuja baada ya kushindwa kule Aswan, si kabla.

Kabla yake watu walikuwa wamegawanyika. Wanahesabu kama Euclid na Ptolemy walisema jicho linatoa miale inayokwenda kugusa vitu, kama vile mtu kipofu anavyopapasa kwa bakora. Wanafalsafa walisema sura ya kitu ndiyo inayokuja kwenye jicho, lakini hawakuweza kueleza kwa hesabu. Matabibu nao walijua sehemu za jicho kwa kupasua, lakini hawakujali jiometri. Kila mmoja ameshika mguu wa ndovu wake.

Ibn al-Haytham aliwakusanya wote watatu mezani. Alianza na mambo ambayo hata mtoto anayajua. Ukitazama jua jicho linauma. Ukitazama mwanga mkali kisha ukaingia gizani, bado unauona mbele yako kwa muda. Maana yake ni kuwa kuna kitu kinaingia ndani ya jicho na kulifanyia kazi. Akahitimisha kuwa mwanga hutoka kwenye vitu, ukasafiri kwa mstari ulionyooka, ukaingia machoni. Jicho halitoi kitu.

Halafu hakuishia kusema. Alijaribu. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu linaloingia kwenye chumba chenye giza. Ukutani yakaonekana madoa ya mwanga, kila taa na doa lake. Akifunika taa moja, doa moja tu linapotea. Akiifunua, linarudi mahali palepale. Kwa jaribio hilo rahisi akaonyesha kuwa miale ya taa tofauti hupita kwenye tundu moja bila kuchanganyika, na kwamba mwanga haupindi kona. Kupima huku alikuita itibari, na ndiko kulikomtofautisha na wengi waliomtangulia.

Alieleza pia jinsi mwanga unavyoakisiwa na vioo vilivyobonyea na vilivyobinuka, na jinsi unavyopinda ukitoka hewani kuingia kwenye maji au kioo. Ukifungua kitabu cha fizikia cha sekondari leo, mada hizo utazikuta. Na kwa kuwa tuko kwenye mwezi wa kuandama, tutaje na hili: aliandika juu ya mwanga wa mwezi, na alieleza kuwa mwezi unaonekana mkubwa ukiwa chini karibu na ardhi hasa kwa sababu ya hukumu ya akili zetu kuhusu umbali, si kwamba umekua. Jicho linapokea, alisema, lakini kuona kunakamilika kwenye ubongo.

TUSIMSINGIZIE

Sisi Waislamu tunapenda kujivunia wanazuoni wetu, na tuna haki. Lakini haifai kumpa mtu asichofanya. Utasikia wengine wakisema ati Ibn al-Haytham alibuni miwani. Si kweli. Miwani ilitokea Italia mwishoni mwa karne ya 13, zaidi ya miaka 200 baada ya kufa kwake. Wengine husema neno kamera limetoka kwenye Kiarabu. Kamera ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba.

Na yeye mwenyewe alikosea mahali. Alidhani sehemu inayohisi mwanga ni ile lenzi iliyo ndani ya jicho. Mwaka 1604 Johannes Kepler, Mjerumani, ndiye aliyeonyesha kuwa sura hufanyika kwenye retina, ukuta wa nyuma ya jicho. Lakini Kepler alifika hapo kwa kupanda mabega ya vitabu vilivyojengwa juu ya Kitab al-Manazir, kilichotafsiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200 na kuchapishwa Basel mwaka 1572. Upande wetu, Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi alikisherehesha mwanzoni mwa karne ya 14, na kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyotokea.

Wallahi makosa hayo hayampunguzii kitu. Yeye ndiye aliyefundisha kuwa mwenye kutafuta haki asikubali neno kwa sababu tu ya ukubwa wa aliyelisema, na aitilie shaka hata akili yake mwenyewe. Aliandika kitabu kizima cha kumkosoa Ptolemy. Kumbuka ni Ptolemy yuleyule aliyemnakili kila mwaka. Hakumkosoa kwa kusikia. Alimkosoa kwa kumjua herufi kwa herufi.

Alifariki Cairo yapata mwaka 430 Hijria, 1040 Miladia. Ameacha vitabu na makala zaidi ya 90 vilivyoorodheshwa kwa jina lake, vingine vikiwa juu ya kutafuta kibla. Iraq iliwahi kuweka picha yake kwenye noti ya dinari 10,000, na mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa mwanga, alikumbukwa dunia nzima.

SASA WEWE MWENYE MTIHANI

Ewe kijana, maisha haya tusiyasome kama hadithi ya kupitisha saa kabla ya futari. Tuchote yafuatayo:

1. Rudia vitabu vichache mpaka vikujue. Yeye alirudia vilevile mwaka baada ya mwaka. Wewe una vitabu vitano vya kujitayarishia, umesoma sura mbili mbili za kila kimoja. Chagua kimoja kwa kila somo, ukimalize, urudi mwanzo.

2. Usimeze, jaribu. Chukua boksi la viatu, toboa tundu kwa sindano upande mmoja, upande wa pili kata dirisha ubandike karatasi nyepesi. Zima taa, washa mshumaa mbele ya tundu. Utauona mwali umepinduka juu chini kwenye karatasi. Ukishauona kwa macho yako, swali la mwanga halitakubabaisha tena, hata likiulizwa kwa njia gani.

3. Kagua mto wako mapema. Ibn al-Haytham alijua udhaifu wa mpango wake kwa kwenda mahali penyewe na kupima. Mto wako ni karatasi za mitihani iliyopita. Ifanye mwanzo wa matayarisho, kwa saa, bila kufungua kitabu. Aibu ya kupata alama ndogo chumbani kwako ni nafuu kuliko aibu ya siku yenyewe. Kisha kiri: kemia imenishinda hapa na hapa. Tafuta mwalimu.

4. Itumie nafasi uliyo nayo. Pengine nyumbani mko wengi, chumba ni kimoja na kelele haziishi. Yeye alikuwa na nyumba iliyofungwa. Katika Ramadhan wengi huona kichwa kiko chepesi baada ya daku na sala ya alfajiri, kabla ya jua kupanda. Weka hapo somo gumu kuliko yote. Mchana fanya mepesi. Baada ya tarawehe saa moja yatosha, kisha ulale. Kukesha na simu hadi daku halafu kulaumu saumu kwa uchovu, huo si uadilifu.

5. Kuanguka mara moja si hukumu. OAT inaruhusiwa kurudiwa baada ya muda wa kungoja, na hapa kwetu ziko njia za kupanda kidogo kidogo kuanzia stashahada. Usiseme nimefeli basi tena. Aliyeshindwa na Nile ndiye huyu tunayemsoma leo.

6. Sahihisha nia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, na wasiopungua bilioni moja kati yao tatizo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Wengi wanachohitaji ni miwani tu. Huyo ni mtoto wa madrasa anayeitwa mvivu kumbe haoni ubao. Huyo ni bibi aliyeacha kusoma Msahafu kwa sababu herufi zimeungana, na anadhani ni umri basi. Siku utakapochoka kabisa na kitabu cha fizikia, mkumbuke mtu mmoja kama huyo. Unamsomea yeye.

Nanyi wazazi, kijana akirudi na alama mbaya ya majaribio msimfokee mbele za watu. Muulizeni nini hakuelewa, kisha mtafutieni msaada. Al-Hakim alikuwa na mwanachuoni mkubwa wa zama zake mlangoni pake, lakini kwa ukali wake akamfanya ajifiche. Tusiwafanye watoto wetu wajifiche.

Tunamuomba Allah (SWT) awafungulie vijana wetu vifua vyao, ayajaalie masomo yao yawe ni ibada, awape subira kabla ya mtihani na tawakkul baada yake, na azikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Aamin.

Wallahu Aalam. Ramadhan Kareem.